Uthibitisho wa Kelera

"Mama, mwambie huyo kwamba mchele uko kwenye kopo la bluu. Hilo analolifungua ni la chumvi."

Titilia hakuwa na haja ya kumwambia mtu chochote. Apenisa alikuwa amesimama palepale mlangoni mwa jiko, karibu na Kelera kiasi cha kuguswa, na masikio yake yalikuwa mazima. Hata hivyo alingoja, kopo la chumvi mkononi. Titilia akainua uso kutoka kwenye nazi aliyokuwa akikuna, akasema, "Apenisa, mchele uko kwenye kopo la bluu," naye Apenisa akajibu, "Asante, mama mdogo," akarudisha chumvi mahali pake.

Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile ya mtaa wa Nadera tangu Apenisa alipokuja kutoka kisiwani kusoma chuo. Baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo wao walikuwa kaka na dada, na kaka na dada wa kwao wakishabaleghe hawasemezani. Hawatajani kwa jina wala hawapitiani mbele, na piga ua, mmoja hanyooshi mkono juu ya kichwa cha mwenzake aliyeketi. Hapakuwa na ugomvi wowote, ilikuwa heshima tu. Titilia, ambaye aliolewa katika ukoo huo akitokea Rewa, alisema heshima hiyo inamkausha koo yeye, maana maneno yote ya nyumba yalipita mdomoni mwake. "Siku nikifa," aliwaambia, "nyinyi wawili mtakufa njaa mkiwa mmekalia chakula."

Simu ya Kelera ililia juu ya kabati. Kabla haijanyamaza, ya Apenisa nayo ikalia mfukoni. Apenisa alisoma, akaweka bakuli la mchele chini polepole, akasimama akitazama ukuta.

"Nini?" Titilia akauliza. "Nani amekufa?"

Kelera alisoma ujumbe mara ya pili ndipo akasema. "Ni chuo, mama. Kazi ya tatu ya somo la uthibitisho. Wanasema zimepatikana mbili zinazofanana neno kwa neno. Alhamisi tunaitwa mbele ya kamati. Mmoja amemwibia mwenzake, na wanataka kujua ni yupi."

"Mbili za nani?"

"Yangu na ya huyo."

Titilia akaifuta mikono yake kwenye khanga aliyojifunga. "Apenisa. Uliinakili?"

"Mama mdogo, muda ulinibana. Nilikuwa na kazi mbili za kompyuta wiki hiyohiyo..."

"Nimekuuliza uliinakili?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Neno kwa neno? Hata kubadilisha moja, mbili, ukashindwa?"

"Sikujua lipi linabadilika," Apenisa alisema, na huo, tuseme haki yake, ulikuwa ukweli mtupu.

Kelera alikuwa ameshika ukingo wa sinki. "Mama, mwambie nilimpa aisome aelewe. Nilidhani ataisoma tu."

"Kelera anasema..."

"Nimesikia, mama mdogo."

"Umesikia!" Titilia akapaza sauti. "Leo umesikia! Kumbe masikio unayo!"

Ujumbe ulikuwa na mstari wa mwisho ambao Kelera hakuusoma kwa sauti. Atakayepatikana na hatia angefutiwa somo, na ufadhili wake wa serikali ungekatwa. Bila ufadhili hakuna chuo. Sakeasi, baba yake, alipakia mbao kiwandani, na mbao hazijamsomesha mtoto wa mtu yeyote pale Nadera.

Sakeasi alirudi jioni, unga wa mbao bado kwenye nyusi. Titilia alimwacha ale kwanza. Alimpa magimbi na samaki wa nazi, akamngoja amalize mwiba wa mwisho, kisha akamweleza yote bila kupumua.

"Nani alimpa hizo karatasi?" Sakeasi akauliza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kaka yako alipokuja mwezi wa pili, hakuweka mzizi wa yaqona hapohapo unapokaa? Hakusema mwanangu anazama katika hisabati, alichonacho binti yako na kiwe chake? Na wewe hukupokea ukapiga makofi? Unakumbuka, au nikupigie tena uyasikie?"

Sakeasi alikumbuka. Mtu akikuomba kwa mzizi wa yaqona, ule unaopondwa ukanywewa katika mambo mazito, huna mahali pa kukataa, na anayeomba akiwa kaka yako mkubwa hata pa kujikuna kichwa huna. Tangu siku ile Titilia alikuwa akichukua karatasi za Kelera na kumpelekea Apenisa chumbani, na asubuhi Apenisa akiziacha chini ya kopo la bluu.

"Nilidhani ni vitabu," Sakeasi alisema.

"Na kazi aliyoiandika siyo kitabu?"

"Titilia, usinipigie kelele mbele ya mtoto."

"Basi sema wewe. Alhamisi mtoto akiulizwa, aseme nini?"

Sakeasi alilitafuta jibu kwenye sahani tupu. "Aseme lolote. Ila asimtaje mtoto wa Ilaitia mbele ya watu wa nje. Kaka yangu ndiye aliyesimamia nyumba ya baba yetu. Nitashuka vipi mtumbwini pale kijijini, watu wanaambizana binti yangu amemshitaki kaka yake?"

"Kwa hiyo afukuzwe yeye."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema asimtaje."

Kelera alikuwa ameketi karibu na mlango wa jiko, miguu ameikunja upande. Hakulia. Alikuwa akiwaza kwa namna aliyofundishwa, kutoka lililopo kwenda linalofuata. "Baba," alisema, "sitamtaja. Hakuna haja. Watatupa ubao, kila mmoja aandike. Wakiniuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, nitawajibu mstari kwa mstari. Yeye hawezi. Watajua wenyewe, na jina la mtu halitatoka mdomoni mwangu."

Sakeasi akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Umeona? Mtoto ana akili kuliko sisi."

"Kuliko wewe," Titilia alisema, akaichukua sahani.

Daktari Naidu, mwalimu wa somo lenyewe, alikuwa mwanamke mwembamba wa Labasa aliyefundisha akiwa ameshika chaki kama anayetaka kumtupia mtu. Somo lake halikuwa na vipimo wala desimali. Lilihusu vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, watu, njia, mafundo ya wavu, na ndani yake kupata jibu hakukuwa kitu. Mwanafunzi aliandika mstari ubaoni, naye akauliza, "Kwa nini?" Ukijibu, akauliza tena kuhusu jibu lako. Muhula ulipoanza Kelera alirudi nyumbani akilia. Shuleni alikuwa wa kwanza kwa majibu, na sasa mwanamke huyu anamwambia mbele ya darasa zima, "Jibu lako ni sahihi, na huna kitu."

Halafu siku moja ikamfungukia. Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, na watu wamejazana mlangoni mwa kanisa wakipeana mikono. Kazi ya tatu ilisema hivi: thibitisha kwamba katika mkusanyiko wowote, idadi ya watu waliopeana mikono mara witiri, yaani mara moja, tatu, tano, ni lazima iwe shufwa. Wenzake walikuwa wakihangaika na jumla. Kelera alisimama kando na mwavuli wa mama yake, akaanza mwanzo kabisa, kabla mtu hajampa mtu mkono. Hapo kila mmoja ana sifuri, na sifuri ni shufwa, kwa hiyo watu wa witiri hawapo. Sasa wawili wapeane mikono. Aliyekuwa shufwa anakuwa witiri, na aliyekuwa witiri anakuwa shufwa. Kama wote wawili walikuwa shufwa, watu wa witiri wameongezeka wawili. Kama wote walikuwa witiri, wamepungua wawili. Na kama mmoja alikuwa hivi na mwenzake vile, wamebadilishana tu na idadi imebaki palepale. Inaanza na sifuri, inakwenda kwa wawiliwawili, basi haitakuwa witiri hata watu wapeane mikono mpaka kiama. Kelera alicheka peke yake, na mke wa mchungaji akamuuliza anacheka nini kanisani.

Furaha ile hakuwa na wa kumwambia. Mama yake angefurahi kwa kuwa yeye anafurahi, lakini hilo ni jambo jingine.

Jumatano Daktari Naidu alimwita ofisini. Mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi, na miavuli miwili ilichuruzika kwenye kona.

"Njia hii sikuifundisha," Daktari alisema, akigonga karatasi. "Haimo kwenye kitabu tunachotumia. Nimeikuta kwenye karatasi mbili, hata koma ziko mahali pamoja. Mmoja wenu ni mwanahisabati na mwingine ni mashine ya fotokopi. Nina dhana yangu, lakini dhana unajua ina thamani gani humu."

"Haina, Daktari."

"Haina. Kesho sina kura, mimi ni mlalamikaji tu. Nimeomba mpewe ubao. Andika, nami nitauliza, basi, yamekwisha. Halafu nataka tuzungumze kuhusu mwaka wa nne, ule wa wachache wanaochaguliwa. Sijaona njia kama hii kwa mwanafunzi wangu siku nyingi." Akamtazama juu ya miwani. "Kuna lolote unataka kuniambia sasa?"

Kelera aliitazama miavuli. Kichwani alikuwa bado kwenye lile la mwaka wa nne. "Hapana, Daktari. Nitaandika."

Chumba cha kikao kilikuwa chembamba, meza ndefu imekijaza, kiyoyozi kinatoa baridi ya kuvunja mifupa. Mwenyekiti alikuwa Profesa Whitlock, mtu wa Brisbane, mwalimu wa historia, mwenye sauti ya upole na saa kubwa. Kando yake aliketi Bwana Tomasi wa ofisi ya wanafunzi, mtu wa kwao kina Kelera, aliyevaa sulu ya kijivu, ile sketi ya heshima ya wanaume wa kwao, iliyopigwa pasi ikakata. Daktari Naidu aliwekwa mwisho wa meza. Viti viwili vya washitakiwa vilikuwa upande wa pili, vimebanwa kati ya meza na ukuta wa ubao.

Apenisa alikuwa tayari ameketi. Kelera alikivuta kiti chake mpaka mlangoni.

"Sogea, binti," Profesa alisema akitabasamu. "Hatung'ati."

Akasogea kidogo, uso ameuelekeza dirishani.

Waliulizwa kila mmoja kama aliiandika kazi yake mwenyewe. Kelera alisema ndiyo. Apenisa alisema ndiyo, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kisha huyo Apenisa akaitwa ubaoni kwanza.

Jambo moja Kelera hakulitia katika hesabu zake. Apenisa alilelewa na shule ya Jumapili ya kisiwani, ambako mtoto hapewi chai mpaka aimalize zaburi kwa moyo, na katika kukariri hakuwa na mpinzani tangu akiwa na meno ya utotoni. Aliigeukia ile kazi kama zaburi. Aliandika kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho bila kusita, koma mahali pake, herufi zimelala vizuri, na alipomaliza alipiga mstari chini yake kama Kelera alivyopiga.

"Vizuri," Profesa alisema.

"Mstari wa tatu," Daktari Naidu alisema. "Mmoja witiri, mwingine shufwa, idadi inabaki vilevile. Kwa nini?"

Apenisa akautazama mstari wa tatu. "Kwa sababu... haibadiliki, Daktari."

"Hiyo ndiyo niliyouliza. Kwa nini haibadiliki?"

"Inabaki vilevile."

"Apenisa, kwa nini?"

"Daktari," Profesa akaingilia kwa upole, "kijana ana wasiwasi, na kamati hii haitungi mtihani. Hatuulizi kama anaelewa. Tunauliza nani aliandika."

"Kwangu mimi, Profesa, hilo ni swali moja."

"Kwa kanuni zetu ni mawili." Bwana Tomasi akacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mkubwa. Apenisa akafuta ubao, akarudi kuketi. Kitambaa cha kufutia alikiacha kwenye kibao kilichokuwa juu kidogo tu ya nywele zake.

"Bi Kelera. Zamu yako."

Alisimama. Hapo ndipo alipokiona chumba jinsi kilivyo. Kulikuwa na ubao mmoja, na chini yake, mgongo ukigusa ukuta, aliketi kaka yake. Kuandika alipaswa kuingia katika ule upenyo, asimame juu yake, amwekee nguo zake usoni, anyooshe mkono juu ya kichwa chake. Mtu anaweza kumchukia kaka yake na bado asilifanye hilo. Kelera hata kumchukia alikuwa hajamaliza kuamua.

"Profesa, naomba niandike kwenye karatasi. Hapahapa."

"Mwenzako ameandika ubaoni. Tunataka kila mtu apate nafasi sawa."

"Basi naomba... asogee."

"Nani asogee?"

Kelera alifungua mdomo. Jina lile alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mwenyewe tangu akiwa mtoto. Alimtazama Bwana Tomasi.

"Apenisa?" Profesa akauliza. "Si yuko hapo? Mwambie mwenyewe."

Kelera hakuondoa macho kwa Bwana Tomasi. Kiyoyozi kilinguruma.

"Amewahi kukutisha? Una hofu naye?"

"Hapana, Profesa."

"Basi sielewi." Akamgeukia Bwana Tomasi. "Kuna jambo silijui hapa?"

Bwana Tomasi alilijua. Alikuwa na dada yake kule mji wa Lautoka ambaye salamu zake huzipata kwa mkewe, na Krismasi wakikutana nyumbani kwa mama yao, dada anakula jikoni na yeye sebuleni. Lakini kumweleza mzungu mambo hayo, katika chumba chenye kiyoyozi, mbele ya Daktari Naidu, aliona kutamshusha. Akamwambia Kelera kwa lugha ya kwao, haraka haraka, "Binti, hapa si kijijini. Mambo ya mikeka yaache kwenye mikeka. Andika." Kisha akamwambia Profesa, "Hapana, hakuna kitu. Ni aibu ya kike."

Kelera akaichukua kalamu ya ubao. Alikwenda mpaka akafika kwenye upenyo, akauona utosi wa Apenisa, akasikia harufu ya mafuta ya nazi, yaleyale yanayotengenezwa na mama yake. Mkono ulipanda mpaka begani ukakataa. Alingoja. Kulikuwa na mtu mmoja chumbani mle aliyeweza kulimaliza jambo lile kwa kuinuka tu kwenye kiti. Asingeombwa kukiri wala kusema neno. Hata angesingizia kwenda chooni ingetosha.

Apenisa alitazama viatu vyake. Alijua anachongojewa, lakini hakuinuka.

"Bi Kelera, unajua kuuthibitisha au hujui?"

"Najua."

"Basi tuonyeshe."

Aliiweka kalamu mezani, taratibu, isije ikabingirika.

"Nipeni nimuulize ofisini kwangu," Daktari Naidu alisema. "Profesa, kuna kitu hapa. Nipeni robo saa."

"Kikao ni hiki, Daktari. Wewe mwenyewe ndiye unayewafundisha kwamba kisichoonyeshwa hakijathibitishwa."

Daktari Naidu alijiegemeza nyuma. Alivua miwani, akaifuta na ncha ya sari yake, akaendelea kuifuta.

Uamuzi ulikuja haraka kama habari mbaya zote. Kelera alifutiwa somo na ufadhili ukasimamishwa. Apenisa alionywa kwa maandishi awe anazificha kazi zake, wenzake wasimwibie.

Titilia alipoambiwa hilo la kuzificha alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kitu kingine. Siku hizo hakuzungumza na mumewe ila kwa kupitia paka. "Paka, mwambie mwenye nyumba chai yake imepoa."

Jumamosi mchana Ilaitia akafika na meli. Mwanawe Apenisa alikuwa amempigia simu, akamweleza yote, kwani hakuwa mtu mbaya kiasi cha kulala na jambo kama lile. Mzee alikuja amevaa shati jeupe, na mfukoni mwa mkoba amebeba jino la nyangumi la kuombea radhi, la rangi ya asali, lililong'arishwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Mikeka ikatandikwa. Mchungaji akaitwa, na majirani wawili. Wanaume waliketi upande wa juu wa chumba, wanawake karibu na mlango wa jiko. Kelera aliketi nyuma ya mama yake.

Ilaitia, mkubwa wa ukoo, alimpigia magoti mdogo wake. Jambo hilo halikuwa limeonekana katika nyumba ile.

"Sakeasi," mzee alisema, jino mikononi, "mwanangu amekula jasho la binti yako. Kazi ilikuwa ya Kelera. Ameinakili, akasema ni yake, na alipopaswa kuinuka aliketi. Sina uso. Nimeleta jino hili lifunike aibu yangu. Nakuomba lifunike, lisifunuliwe tena."

Kelera aliyasikia maneno yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio. Kazi ilikuwa ya Kelera. Ameinakili. Aliketi. Laiti mzee angeyasema Alhamisi, katika chumba kile chembamba! Hapa yalisemwa mbele ya mchungaji na majirani, na hayakuwa na pa kwenda.

Sakeasi alilipokea jino, akaliweka puani, akavuta harufu yake kama ilivyo desturi, kwa macho yaliyojaa machozi. "Limekwisha, kaka. Limezikwa. Lisisemwe tena humu wala kwingineko, chuoni wala kijijini."

"Mwenyewe hajaulizwa," Titilia alisema.

"Shh," jirani akamnyamazisha.

Wanaume wakapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale mazito. Bakuli la yaqona likaletwa, kifuu kikaanza kuzunguka, na muda si muda mchungaji alikuwa akisimulia habari za ng'ombe aliyepanda basi la Nausori, na watu wanacheka. Apenisa naye, mgongo ukutani, alitabasamu kidogo. Alionekana kama mtu aliyepona homa.

"Kelera!" Sakeasi akaita kwa sauti ya mtu mwenye raha. "Lete chakula, mama."

Kelera aliingia na sinia la muhogo. Aliliweka chini, kisha badala ya kurudi kwa magoti kama anavyorudi mwanamke, alisimama wima katikati ya mikeka.

"Apenisa."

Kifuu kilisimama njiani kati ya mkono na mdomo wa mchungaji.

"Mmoja witiri, mwingine shufwa," Kelera alisema, akimtazama usoni. "Wanapeana mikono. Idadi ya witiri inabaki vilevile. Kwa nini?"

Apenisa aligeuza kichwa kumtafuta Titilia, akingoja maneno yamfikie kwa njia yake ya siku zote.

"Mimi simo," Titilia alisema kutoka mlangoni. "Umeulizwa wewe."

Midomo ya Apenisa ilicheza. Alikuwa na mistari yote kichwani, ya juu na ya chini, lakini jibu la swali lile hakuwa nalo.

"Kwa sababu wanabadilishana," Kelera alisema. "Witiri anakuwa shufwa, na shufwa anakuwa witiri. Wanabadilishana tu. Ni hilo tu."

Akatoka.

Ilaitia alikuwa ameiweka mikono mapajani, uso umemkauka. Binti amemtamkia kaka yake jina, kwa kinywa chake, amesimama juu yake, baada ya jino kupokewa na jambo kuzikwa. Hilo halikuwa tena kosa la karatasi. Sakeasi alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba yake mwenyewe. Aibu hiyo nayo ilihitaji jino, na nyumba ile haikuwa na jino jingine.

Akalichukua lililokuwa kando ya goti lake. Akasota juu ya mkeka mpaka mbele ya kaka yake, akaliinua kwa mikono miwili. "Kaka," alisema, "binti yangu amemvunjia mwanao heshima. Sina uso. Nakuomba lifunike."

Ilaitia alilipokea, naye akavuta harufu yake. Wakapiga makofi. Mzee akalirudisha mkobani alikolitoa, akafunga zipu, na mchungaji, baada ya kukohoa, akaendelea na ng'ombe wake.

Jumatatu asubuhi Apenisa alitoka kwenda chuoni na begi mgongoni. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa za Nadera. Kelera alikuwa jikoni, anakuna nazi, vidole vikienda vyenyewe. Keshokutwa angekwenda kuuliza kazi kwenye kiwanda cha samaki.

"Mama," alisema bila kuinua uso, "mwambie huyo amesahau mwavuli."

Mwavuli ulikuwa umeegemea mlango. Titilia aliutazama, akamtazama kijana akiteremka njia, bado yuko karibu, hata sauti ya kawaida ingemfikia. Akakaa kimya mpaka yule akapinda kona, na mvua ikaanza.